Kilio cha Nyumba Isiyofiwa

Kwetu kijijini Ole mlango haufungwi mchana. Ukifungwa, basi mwenyewe kasafiri, na akisafiri jirani anajua, kwa sababu ndiye aliyeachiwa kuku. Mlango uliofungwa huku ndara za mwenye nyumba ziko nje kizingitini ni jambo la kuulizwa. Hilo nalijua tangu utotoni. Na bado kila baada ya sala ya adhuhuri, wajukuu wakishakwenda chuoni kusoma Qur'ani, nilikuwa naingia ndani, natia komeo, na ndara naziacha nje kama mpumbavu. Sababu ya komeo ni wasichana wa Kirusi waliokuwa wakicheza ngoma ndani ya televisheni yangu, miguu wazi mpaka juu.

Niseme mimi ni nani mtaani, ndipo aibu yangu ipimike vizuri. Mimi ni muosha maiti. Mwanamke akifa Ole naitwa mimi. Kazi hii aliniachia mama yangu, naye aliachiwa na mamake, na hatuchukui ujira. Tunachopata ni heshima, na heshima ya muosha huwa kubwa kuliko anavyostahiki, kwa kuwa kila mwanamke anajua kuna siku atalala mbele ya mikono ile. Nikipita njiani wasichana huvuta mitandio. Nikiingia harusini spika hupunguzwa sauti. Sikuwaomba wafanye hivyo, lakini nisiwe mwongo, nilikuwa naona raha.

Na ulimi ninao. Msichana akivaa dera la kumbana, nilikuwa namwita pembeni na kumwambia, "Mwanangu, ukifa na nguo hiyo nitakuvua kwa mkasi." Alirudi kwao kubadilisha, na mamake akanitumia salamu za shukurani.

Televisheni aliniletea binti yangu, anayetandika vyumba katika hoteli moja Unguja, pwani ya mashariki. Alikuja nayo sikukuu, pamoja na flashi ndogo iliyojaa mambo. Mlikuwa na Qur'ani na mawaidha, na mlikuwa na vitu alivyopewa na mgeni wa Kirusi, bibi wa rika langu, ambaye badala ya kwenda kuogelea alikuwa akikaa chumbani kuviangalia. Siku ya kuondoka akamnakilia binti yangu kama tunu.

"Hizo zinaitwa bale," binti yangu aliniambia. "Ngoma zao za kizamani, zimepigwa picha jukwaani hukohuko kwao. Hazina neno hata moja. Wewe zipite tu, mama."

Sikuzipita. Mara ya kwanza niliwasha kwa hasira, nipate kujua niwazuie nini wajukuu. Pazia jekundu zito likafunguka, vichwa vya watazamaji vikaonekana chini ya picha kama nazi zilizopangwa, mtu mmoja akakohoa. Nilikipenda kile kikohozi. Kilinithibitishia kuwa watu wale walikaa mahali kweli, siku moja kweli, na mmoja wao alikuwa na mafua. Halafu wakaingia wasichana kwa safu, wamesimama juu ya ncha za vidole vya miguu, na viatu vyao nikavisikia vikigonga mbao, ko, ko, ko, vigumu kabisa, wakati wenyewe ukiwaona utadhani hawana uzito. Nikasema astaghfirullah. Nikakaa kitako.

Kilichonikalisha nakieleza huku naona haya. Miili ya wanawake naijua. Najua goti linavyokakamaa na shingo inavyolegea mkononi, najua nyayo zilizokwenda shamba miaka yote na nyayo zilizokaa ndani. Lakini ninayoijua ni miili iliyokwisha kazi. Naigeuza kulia, naigeuza kushoto, nayo inanifuata. Hapa niliwaona wanawake ambao kila mshipa unamtii mwenyewe. Mkono ulipanda kwa kuwa mwenye mkono alitaka upande. Picha ikisogezwa karibu niliona jasho mgongoni na mbavu zikihema, na juu yake uso umetulia kana kwamba hakuna kazi inayofanyika. Nikajikuta nasema peke yangu, "Mashaallah mwanangu, mashaallah," namwambia mtu aliye nusu uchi ambaye sijui hata kama yuko hai.

Wanaume nao walikuwemo, na suruali zao sizielezi. Walipoingia niligeuza uso ukutani. Baada ya siku kadhaa nikawa nageuza nusu.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Mchana wanawake wa mtaa walikusanyika kwenye baraza ya jirani yangu, nyumba iliyotazamana na yangu, kuchambua karafuu: unashika kikonyo, unavunja, karafuu huku, makonyo kule, na midomo haitulii. Nafasi yangu pale inajulikana. Nikaanza kusema kichwa kinaniuma. Jirani yangu akaniletea kichupa cha mafuta ya karafuu nijipake. Nilijipaka, maana kutojipaka kungekuwa uongo wa pili, nikafunga mlango, nikawasha televisheni huku kipaji kinaniwaka moto.

Jirani huyu alikuwa mtu wa maneno machache. Binti yake wa pekee alifariki kwa uzazi, kabla ya masika, na mimi ndiye niliyemwosha. Tangu hapo alifanya kazi zake zote kama kawaida, akaja kwangu kama kawaida, na watu wakamsifu kwa subira.

Katika bale zote nilikuwa na moja niipendayo. Ina binti wa shamba aliyempenda kijana, na kijana kumbe ni mtoto wa wakubwa, amejivika nguo za mkulima ili amchezee. Siku binti anapoujua ukweli, nywele zinamfunguka, anaanza kuzirudia hatua zilezile alizocheza naye wakati wa raha, lakini anazikosea, anazisahau katikati, anasimama anatafuta. Halafu moyo unamshinda, anaanguka. Mamake anamkimbilia na kumwangukia kifuani. Nilikuwa nimeshaiona mara nyingi, na kila mara nililia kidogo, kwa adabu, na kujifuta.

Siku hiyo sijui kilichonipata. Labda ni vile ambavyo yule binti alisahau hatua zake. Kilio kilinitoka kwa sauti, kile cha kuanzia tumboni, kile ambacho mimi mwenyewe nakikataza misibani. Nikaziba mdomo, kikapita katikati ya vidole.

Kwetu kilio hakina mwaliko. Ukikisikia unaacha ulichonacho na unakwenda. Barazani kwa jirani nikasikia kimya, kisha nyungo zikiwekwa chini, kisha miguu. Niliruka nikatafuta rimoti, nikaibonyeza ovyo, picha ikasimama na sauti ikakatika.

"Hodi! Hodi humo ndani! Bi Mkubwa, fungua!"

Nikavua kanga yangu ya mabegani, nikaitupa juu ya televisheni ikafunika kioo chote. Nikaenda kufungua na uso wangu umerowa.

Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Nyumba yenye msiba, kitu cha kwanza hufunikwa televisheni. Mtoto wa madrasa anajua hilo. Wanawake walikuta mlango uliofungwa mchana, kilio, na televisheni iliyofunikwa kanga, na aliyelia ni muosha, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuliona chozi lake. Hata kadhi angehukumu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, ambaye ndiye huongoza kisomo cha wanawake.

Sikupata nafasi ya kusema kitu. Mmoja alinishika mkono, mwingine alinishika kiuno, wakanikalisha chini polepole, jinsi ninavyowakalisha mimi wenye misiba. Jamvi langu lilitandikwa. Viti vilitolewa. Jikoni nikasikia birika linajazwa maji. Jirani yangu alipiga magoti mbele yangu, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake yenye harufu ya karafuu, na ile huruma ilinichoma nikazidi kulia, safari hii kwa aibu tupu. Wao wakaona ni uchungu.

"Ni mwanao wa Unguja?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kwa nguvu.

"Alhamdulillahi!" akaropoka mmoja nyuma, kisha akajirudi. "Yaani, Mungu amrehemu huyo mwengine."

"Basi kafa nani?"

"Msimuulize," bibi alisema. "Mwacheni, atasema mwenyewe. Nipeni juzuu yangu."

Akafungua juzuu penye Yasin, akavaa miwani yake, wanawake wakajipanga jamvini na kujifunika vizuri. Bibi aliniinamia. Alikuwa na sauti laini sana, sauti ambayo kwa kawaida haitumii kwangu, kwa kuwa mimi na yeye ni majembe mawili ya shamba moja, hatukosi kugongana.

"Mwanangu, tunsomee nani? Twambie jina lake, na la mamake."

Nina binamu Kisiwa Panza, mzee, mgonjwa wa siku nyingi. Jina lake lilinijia mdomoni limeshapikwa, tayari kuliwa. Hakuna aliyekuwa akimjua pale. Ningelitamka, wangesoma, wangeondoka, heshima yangu ingebaki juu ya rafu pale ilipo, na televisheni ningeiuza. Nilifungua mdomo. Bibi akasogeza sikio. Nikaona kidole chake juu ya aya ya kwanza kinangoja, na mimi ndiye mtu ambaye huwaambia waja wa Mungu wasicheze na mauti. Nikaona nitaoza ulimi.

"Hajafa ntu," nikasema.

"Hee?"

"Hajafa ntu yeyote, bibi. Nisameheni."

"Hajafa ntu? Basi walia nini?"

"Nilikuwa naangalia televisheni."

Birika jikoni lilianza kuimba. Mwanamke aliyekaa karibu na televisheni, mwepesi wa mkono kuliko wa akili, aliinyanyua kanga. Picha ilikuwa imesimama pale ambapo kijana mwana wa wakubwa ametupa mgongo, ameinama, na ile suruali nisiyoieleza imejaa kioo kizima.

"Astaghfirullahi-l-adhim!"

Wengine waliziba macho, na nikaona vidole vikiachana. Kisha mmoja akacheka. Alijizuia, ikashindikana, na kicheko chake kikafungua mlango wa wengine wote.

"Kumbe muosha aosha macho!"

"Na kichwa chake? Si alikuwa kichwa chamuuma?"

"Kitaacha kuuma, na mambo yenyewe ndo hayo!"

"Muosha huoshwa, jamani," akasema mwengine huku anajifuta machozi.

Nilikaa palepale nilipokalishwa, mikono mapajani. Ningependa kusema kuwa nilicheka nao, maana anayejicheka huokoa nusu ya uso wake. Sikuweza. Nikaona kila msichana niliyemvuta pembeni kwa ajili ya dera lake amesimama mlangoni ananiangalia. Bibi peke yake hakucheka. Aliifunga juzuu, akaibusu, akairudisha katika mfuko wake wa kitambaa, akavua miwani.

"Leo nusura utusomeshe Yasin kwa suruali," akasema. Hilo lilinikata kuliko vicheko vyote.

Mvua iliniokoa. Ilipiga bati ghafla, na mtu akapiga kelele, "Karafuu!" Wote walikuwa wameziacha zimeanikwa, kila mmoja uwanjani kwake, kwa ajili ya kuukimbilia msiba wangu. Karafuu iliyokauka nusu ikirowa rangi yake huharibika na kazi ya siku nyingi huwa bure. Waliinuka wakavaliana ndara, wakatoka mbio kuanua. Na hilo nalo likaingia katika hesabu yangu, kwamba nimewarowesha watu karafuu zao kwa ngoma ya Kirusi.

Jirani yangu hakuinuka. Alikuwa bado amepiga magoti kwenye ukingo wa jamvi, akiitazama ile picha iliyosimama. Yeye hakuwa amecheka. Sikuliona hilo mpaka chumba kilipobaki na sisi wawili.

"Zako zarowa, shoga," nikamwambia.

"Ziwache zirowe." Akakaa vizuri, akakunja miguu. "Kilichokuliza ki wapi?"

"Wacha mambo hayo. Nimeshaaibika, yatosha."

"Niwashie na miye nione."

Sikuwa na uso wa kumkatalia mtu kitu siku hiyo. Nikairudisha picha nyuma kidogo, nikaiwasha na sauti yake, nikawa namweleza. Huyu ni binti wa shamba. Huyu kijana kamdanganya. Hapa ndipo anajua. Hapa anazitafuta hatua zake. Jirani yangu hakusema astaghfirullah wala mashaallah. Aliangalia kama anavyochambua karafuu, bila kuinua macho. Binti akaanguka. Mama akasukuma watu, akamwangukia mwanawe kifuani, akamshika uso, akainua mikono juu, na ngoma yote ya jukwaani ikasimama kumtazama.

"Yule ndo mamake?"

"Ndiye."

"Hana wa kumwambia anyamaze."

Hakuwa ameuliza. Alikuwa akisema tu alichokiona, lakini mimi nikakumbuka. Siku niliyomwosha binti yake, yeye alikuwa nje ya mlango wa chumba, na kilio chake kilikuwa kikubwa mpaka wanaume walio barazani walikuwa hawasikilizani. Nilitoka, mikono ya nguo yangu imekunjwa na imerowa maji ya mwanawe, nikasimama mbele yake na mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Nyamaza. Wamuadhibu mwanao kwa kilio chako. Kuwa na subira." Alijijaza kanga mdomoni palepale. Baadaye wazee walinisifu, wakasema msiba ule ulikwenda kwa utulivu mkubwa.

Pazia likaanguka. Makofi yakalipuka. Mimi najua kinachofuata baada ya pazia, na nilijua hakimfai mtu huyu. Nikapapasa jamvini kutafuta rimoti. Akanishika kifundo cha mkono.

"Iwache."

"Imekwisha hiyo, shoga. Hakuna tena."

"Iwache, nakwambia."

Pazia likafunguka katikati, kiasi cha mtu kupita, na yule binti aliyekufa akatoka. Amefunga nywele kidogo, anatabasamu, anahema. Amemshika mkono mamake. Wakainama pamoja mbele ya watu, mama na mwana, na mtu akawarushia maua, na binti akayaokota akampa mama moja.

Jirani yangu alisogea mbele mpaka pua yake ikawa karibu na kioo.

"Kumbe kainuka," akasema.

"Ni mchezo tu."

"Huinuka kula siku?"

"Kila wakicheza, huinuka."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu na kuona ni sawa. Mvua ilikuwa bado inapiga bati, na kule upande wa pili karafuu zake zilikuwa zinaelea kwenye mkeka.

"Na miye nlidhani wangu atainuka," akasema, macho yake yako kwa wale wawili. "Watu wakiniona nalia, wakidhani naomboleza. Sikuwa nikiomboleza. Nlikuwa namwita. Nkawa nazidisha sauti apate kunsikia, kule chumbani mlimokuwa. Ndipo weye ukatoka ukanambia ninyamaze."

Watu wa jukwaani waliendelea kupiga makofi. Nilimgeukia, nikamwangalia usoni, nikitafuta chozi hata moja ili nami nipate la kufuta. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.